Wageni wa Manispaa

Tangu walipoletwa katika jumba lile, Ninfa Cusimano hakuwahi kukaa kitini akatulia. Alikaa ukingoni tu, mikono magotini, kwa sababu viti vilikuwa vya kale, vya miguu myembamba iliyopakwa dhahabu, na maskini hahitaji kwenda shule kujua kwamba kiti cha tajiri kikivunjika, atakayelipa ni aliyekikalia mwisho. Binti yake Oliva, wa miaka saba, alikuwa ameshakanywa: asiguse pazia, asiguse kioo, asiguse ile taa yenye vijiwe.

"Sasa mama," mtoto akauliza, "nipumue?"

Babu yake alicheka mpaka akakohoa. Ninfa hakucheka.

Walikuwa wanne katika chumba kimoja. Enzi za makabaila wa Palermo, wake wa wenye jumba walikuwa wakipigia kinanda humo. Siku hizi ni hoteli, na watu hutoka Ujerumani na Marekani kuja kulala na kupiga picha dari. Dari yenyewe ilichorwa mawingu na malaika wanene walio uchi, na katika goti la malaika mmoja palikuwa na ufa. Rosolino, mumewe, alisema ufa ule una umri mkubwa kuliko Italia. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nyumbani kwao, kwenye vichochoro vya Ballarò, ilianza hivyohivyo: ufa mwembamba juu ya jiko, kisha mlango wa jikoni ukakataa kufunga, kisha asubuhi moja ya mvua ngazi ikaachana na ukuta, ukaweza kupenyeza mkono mzima. Zimamoto waliwatoa na nguo zao za kulalia.

Manispaa haikuwa na nyumba ya kuwapa. Ikawapa hoteli, maana msimu wa baridi wageni ni haba, na mwenye hoteli ni heri alipwe na serikali kuliko asilipwe na mtu. Wakatia saini masharti. Sharti kubwa lilikuwa moja: atakayekanyaga tena ndani ya nyumba iliyofungwa, yeye na jamaa zake wote watahesabiwa wamejitoa wenyewe kwenye hifadhi.

Meneja, Bwana Sclafani, alikuwa mtu wa adabu nyingi, na hakuna kinachomchoma mnyonge kama adabu ya mtu anayetaka aondoke.

"Mama, kwa raha yenu tumewatengea mlango wa upande, ule wa kichochoroni," alimwambia Ninfa siku ya kwanza. "Mtaingia na kutoka bila usumbufu."

"Usumbufu wetu au wa wageni?" akauliza Mzee Gaspare, baba mkwe wake.

"Wa wote, mzee wangu. Wa wote. Na kifungua kinywa, ikiwezekana, mje wageni wakishamaliza. Chakula ni kilekile."

Kweli kilikuwa kilekile, ila kimepoa. Rosolino alikuwa akikaanga panelle, vile vipande vya unga wa dengu, kwenye bajaji yake ya mizigo sokoni. Akaombwa, kwa adabu vilevile, asipande na koti lake, kwani harufu ya mafuta ilikuwa ikimtangulia ngazini. Tangu hapo akawa anapanda na shati tu, akitetemeka, na kusema ni mazoezi mazuri ya mapafu. Ninfa naye alitandika vitanda mwenyewe, akapangusa sinki na kufuta sakafu, ili kesho asije mtu akasema watu wa Ballarò ni wachafu.

"Dada, utanifukuzisha kazi," Sumathi alimwambia. Huyu alikuwa mfagizi wa ghorofa ile, Mtamili wa Sri Lanka aliyeishi Palermo tangu usichana wake, mkazi mwenzao wa huko huko Ballarò. "Mimi nikiingia chumbani sikuti hata unywele. Niachie angalau taulo moja chini."

Hapo Ninfa alitabasamu. Lakini usiku alilala chali, macho kwenye goti la malaika, akisikiliza kama kuna kitu kinachomomonyoka.

*

Kwa watu wa Palermo, marehemu hawaji kumtisha mtu. Wanakuja mara moja kwa mwaka, usiku wa kuamkia tarehe mbili Novemba, kila mmoja nyumbani kwake, na wanawaletea watoto wa ukoo zawadi: wanasesere, viatu, peremende, matunda yaliyofinyangwa kwa unga wa lozi. Asubuhi watoto wanazisaka mafichoni, na wakiziona wanashukuru kwa majina. Wanaonunua ni wazazi, kila mtu mzima anajua, na hakuna anayelisema. Aliye hai hana kauli siku ile. Hata baba aliyejinyima mwezi mzima husema, "Amekuletea shangazi fulani, Mungu amrehemu," na lake yeye ni kutazama tu.

Bibi wa Oliva, Provvidenza, mke wa Mzee Gaspare, alikufa kabla ya Pasaka mwaka uleule. Alijua anakufa. Kipindi chote cha baridi alikuwa kitandani akishona mwanasesere wa kitambaa, akamvika gauni la buluu alilolikata kwenye kilemba chake cha harusini, na kila alipotunga uzi alisema, "Miaka yote nimenunua nikasingizia mama yangu. Mwaka huu nitaleta mwenyewe." Akampa Ninfa amfiche nyuma ya kabati kubwa. Na nyuma ya kabati ndiko mwanasesere alikobaki, siku ile walipotolewa mbiombio na nguo za kulalia.

Asubuhi ya sikukuu ya Watakatifu Wote, siku moja kabla ya siku ya marehemu, mvua ilikuwa bado inanyesha. Oliva alikuwa bafuni. Mzee Gaspare alikuwa amelala, uso dirishani, au hivyo walivyodhani.

"Nenda kamchukue," Ninfa alimnong'oneza mumewe. "Dakika tano. Unapanda, unatia mkono nyuma ya kabati, unashuka."

"Na nikionekana?"

"Nani wa kukuona? Kichochoro kizima kimehamishwa."

"Zimamoto wameweka uzio. Askari wa manispaa anapitapita. Ninfa, tukikamatwa tunalala kwenye bajaji, unalijua hilo?"

"Mtoto anauliza kila siku kama bibi atamletea. Mkono wa mama yako ndio uliomshona, Rosolino. Hauuzwi dukani."

"Nitamnunulia mwingine pale sokoni."

"Nunua!" Sauti ilimponyoka. "Ungekuwa mwanamume kweli ungekwenda. Basi tu, ndiyo bahati yangu, nyumba nzima haina mwanamume."

Ulimi hauna mfupa. Rosolino alifunga vifungo vya shati, akashuka ngazi kwenda kwenye bajaji yake, kwa sababu sikukuu watu wanakula. Ninfa alibaki ameshika mto, akijutia nusu ya maneno yake na kuiona nusu nyingine ni haki. Kitandani dirishani mzee alijigeuza, akakohoa kidogo.

"Umeamka baba?"

"Sasa hivi tu, mwanangu," alisema Mzee Gaspare. "Sijasikia kitu."

*

Ninfa na Oliva waliporudi kutoka kula chakula kilichopoa, kitanda cha dirishani kilikuwa kimetandikwa. Kofia ya mzee haikuwepo. Koti lake la mvua halikuwepo.

Kwanza alijiambia ameshuka kuvuta sigara. Akachungulia kichochoroni kwenye mlango wa upande: maji tu yanatiririka. Akapanda tena, akamkuta Sumathi anasukuma kigari chake cha mashuka.

"Sumathi, umemwona baba?"

"Babu? Ametoka muda kidogo. Kapita mlango wa mbele, dada! Kamvulia kofia yule wa mapokezi, kama bwana mwenye nyumba. Nikamuuliza, babu, mvua yote hii unakwenda wapi? Akasema anakwenda kumwelekeza mkewe njia."

Ninfa akashika kigari.

"Kuna nini?" Sumathi aliuliza. Kisha akaona uso wake, akaelewa mwenyewe, maana yeye pia aliujua ule uzio. "Mungu wangu. Nenda. Mtoto niachie mimi."

"Usimwambie kitu."

"Nitamwambia nini? Njoo Oliva, unisaidie kukunja taulo. Nitakusimulia kwetu wazee waliokufa wanakujaje. Kwetu anakuja kunguru, unamwekea wali."

"Kunguru?" Ninfa alimsikia mwanawe akiuliza, wakati yeye ameshafika chini. "Na analeta zawadi?"

"Haleti. Anakula tu, mchoyo yule."

*

Alikimbia njia nzima bila mwavuli. Soko la Ballarò lilikuwa nusu limefungwa. Mbali kidogo aliona moshi wa bajaji ya Rosolino na watu wamejikunyata wakisubiri panelle zao. Alitaka kumwita. Akawaza, nikimwita ataniuliza kwa nini, na nitamjibu nini? Akapita nyuma ya vibanda.

Kichochoro chao kilikuwa kitupu. Uzio ulisukumwa upande, upana wa mtu mwembamba. Karatasi nyekundu ya amri ilikuwa bado mlangoni, imelowa, na mlango wenyewe ulikuwa wazi.

"Baba!"

Sauti ikatoka juu, tulivu kabisa. "Nani?"

"Mimi, Ninfa! Uko wapi?"

"Niko nyumbani kwangu. Wewe ndiye uliyenyeshewa."

"Teremka baba, tafadhali. Teremka polepole, shika ukuta."

"Ningeteremka, mwanangu. Ila zile ngazi nilizopandia zimeshateremka zenyewe."

Ninfa aliingia. Ndani kulinuka chokaa mbichi na maji machafu. Alipanda mpaka kwenye kona ya kwanza, akainua macho, akaona. Pale palipokuwa na ngazi za kufikia mlango wao palikuwa na tundu, na katika tundu vyuma viwili vilivyopinda. Mzee Gaspare alisimama ng'ambo, kizingitini mwa jiko lao, shati tu mwilini, limemganda kwenye mbavu. Maji yalikuwa yakimdondokea kutoka darini. Koti lake la mvua alikuwa amelikunja kuwa furushi, amelipakata kifuani.

"Nimempata," alisema. "Hajalowa hata ukosi."

"Vaa koti, baba!"

"Nikivaa mimi, atalowa yeye. Sikiliza. Nikurushie, umdake, uende zako. Mimi nitakaa hapa. Jioni Provvidenza akija atamkuta mtu nyumbani, nimweleze tulikohamia. Haki yake. Mwaka wake wa kwanza huu, atapotea."

"Baba, nyumba inaanguka!"

"Imekuwa ikianguka tangu vita, hii."

Ninfa alitoa simu. Mzee alipoiona, utulivu ule ukamtoka.

"Usiwaite! Ninfa, usithubutu. Ukiwaita zimamoto, kesho mjukuu wangu analala nje. Mlitia saini, na mimi nilitia saini, nikaweka na jina la baba yangu. Mimi nina miaka themanini, nimeshalala kwenye vitanda vya kutosha."

Alisimama na simu mkononi, mvuke ukimtoka kinywani. Na hapo, kwa muda mfupi sana, Ninfa aliwaza jambo ambalo baadaye hakumwambia mumewe wala padri. Aliwaza kwamba nyumba imekaa wiki nzima bila kuanguka, inaweza kukaa mpaka jioni. Aende amngoje Rosolino amalize kuuza, aje na kamba, wamshushe kimyakimya, na chumba chenye malaika kibaki chao. Aliiona sura ya Oliva amelala ndani ya bajaji katikati ya makopo ya mafuta. Alimwogopea mtoto, akamwogopea mzee, na hofu zile mbili zikamvuta huku na huku asiweze hata kuinua mguu.

Ukuta ukalia. Haukuwa mshindo. Ilikuwa sauti kavu, ndogo, ya kitu kinachokatika ndani kabisa, na vumbi jeupe likamwagika kwenye nywele za mzee. Mzee Gaspare alitazama juu. Kwa mara ya kwanza Ninfa aliona kwamba naye anaogopa, na anajitahidi asionekane.

Akabonyeza namba.

"Umeniponza," alisema mzee, lakini kwa sauti ndogo, na alikuwa ameegemea kizingiti kwa mkono mmoja.

*

Zimamoto walimshusha kupitia dirishani, kwenye ngazi yao ndefu. Kijana aliyemkumbatia aliona furushi, akauliza, "Mzee, umebeba mtoto?"

"Nimebeba mkubwa kuliko wewe," alijibu, meno yakigongana.

Walimfunika blanketi. Mmoja wao alimshika kiganja, akamtazama midomo, akasema apelekwe hospitali akaangaliwe.

"Hospitali, leo? Kesho mjukuu wangu ana sikukuu. Nikiingia hospitali ya Palermo kwenye mkesha wa marehemu, si wataniunganisha na msafara?" Wote wakacheka. Ninfa pia alicheka, kwa kuwa mwili wake ulikuwa umeachia na machozi yalikuwa karibu. Midomo ya mzee ilikuwa ya buluu. Aliiona. Akajiambia ni baridi, atamchemshia supu.

Askari wa manispaa aliandika majina yao taratibu, kama mtu anayetarajia kalamu iishiwe wino.

"Mnajua masharti, mama?"

"Tunajua."

"Kama ningekuwa peke yangu, nisingeona kitu. Lakini wameona wote hawa. Na mimi nina watoto."

"Andika tu, mwanangu," alisema Mzee Gaspare. "Cusimano, kwa s moja."

Askari aliwapakia kwenye gari lake na kuwashusha mbele ya hoteli, mlango mkubwa. Wakaingia hivyohivyo, wametapakaa chokaa, matone yakibaki nyuma yao kwenye marumaru. Wageni wawili wa nchi za kaskazini waliokuwa wakinywa chai walisogeza miguu. Bwana Sclafani alitoka ofisini kwake, uso umemlegea kwa huzuni ya kikazi. Alikuwa ameshapigiwa simu.

"Nasikitika sana, mama. Si mimi. Ni masharti. Kesho saa sita mchana nitahitaji chumba."

Ninfa alimkaza baba mkwe wake blanketi mabegani.

"Usisikitike, bwana," mzee akamwambia, akimpigapiga mkono na kumwachia alama nyeupe kwenye koti jeusi. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Umetuvumilia."

*

Jioni, Rosolino aliposikia yote, alikaa kwenye kile kiti cha miguu ya dhahabu, akakaa kabisa, na kiti kikalia. Hakuna aliyejali.

"Alikwendaje? Nani alimwambia mdoli uko kule?"

"Alitusikia asubuhi," alisema Ninfa. "Alinisikia mimi."

Ninfa alingoja atukanwe. Ingekuwa nafuu. Lakini mumewe alijifuta uso kwa viganja vinavyonuka mafuta, akauliza tu, "Kesho twende wapi?" Wakaanza kutaja majina. Binamu wa Bagheria ana vyumba viwili na watoto watano. Ninfa na dada yake hawasemezani. Kuna sakristia ya parokia, kama padri ni mtu. Sumathi alikuwa amesema kwake pana kona ya jikoni. Kila jina walilishushia sauti zaidi, mpaka wakawa wanasoma midomo.

Mzee Gaspare alikuwa bafuni, kwenye lile beseni kubwa la kuogea ambalo tangu wafike alikataa kuliingia, akisema si la Mkristo. Maji ya moto yalifuka mvuke mpaka chumbani. Oliva aligonga mlango.

"Babu! Umezama?"

"Bado! Nimefika kisiwa cha Ustica. Nikifika Napoli nitakuletea piza."

Alitoka amevaa joho jeupe la hoteli, mwembamba ndani yake, mashavu mekundu. Alikunywa supu aliyoileta Sumathi kwa mlango wa nyuma, robo bakuli. Alisema amechoka, mkono wa kushoto umemfa ganzi kwa kubeba. Kisha akamlaza mjukuu wake.

"Babu, na bibi atajuaje kama tuko hapa?" Oliva aliuliza. "Wale wanakwenda nyumbani kwao. Kwetu pamefungwa."

"Nimeshamwelekeza."

"Kwa simu?"

"Kwa simu! Bibi yako alipokuwa hai hakujua kuishika, ndiyo aijue sasa? Nimemwambia kwa mdomo. Jumba lenye farasi wa mawe, ghorofa ya pili, mlango wa mwisho. Nimemwambia asiogope wale walio uchi darini, ni malaika."

Oliva aliridhika, akalala. Mzee Gaspare akamwita Ninfa kwa kidole. Akamwekea furushi mapajani.

"Utalificha wewe. Mimi siku hizi nainama siinuki." Akasita. "Na lile ulilosema asubuhi..."

"Baba, mimi..."

"Ngoja. Usimwambie tena hivyo. Rosolino anaogopa kwa kuwa anatupenda. Mimi nilikuwa sijui kuogopa, ndiyo maana Provvidenza alilia sana ujana wake."

Ninfa alikuwa na la kumwambia. Lilikuwa limemkaa moyoni tangu pale kwenye tundu la ngazi, na lilikuwa neno fupi tu. Lakini aliona haya, na mtoto alikuwa karibu, na kesho ipo.

"Lala, baba," alisema. "Umechoka."

*

Aliamka kunapambazuka, kengele za kanisa la karibu zikigonga. Mvua ilikuwa imekatika. Cha kwanza kilichomjia ni saa sita mchana. Cha pili, mwanasesere. Akatoka kitandani pekupeku na furushi mkononi. Alikwisha chagua mahali: nyuma ya pazia zito la dirisha, upande wa kitanda cha mzee. Akapita pole, asimwamshe. Akamweka mwanasesere chini, akamnyoosha gauni la buluu. Alipokuwa anarudi aliona blanketi limemteleza mzee begani, akainama kumfunika, na ukucha wa kidole chake ukamgusa shingo.

Alibaki ameinama hivyo. Kisha akamgusa kwa kiganja kizima. Kisha akaweka shavu lake karibu na mdomo wake, akangoja, akaomba, akangoja tena.

"Rosolino," alisema. Akaenda akamtikisa mguu.

Mumewe alielewa kabla hajafika. Alipiga magoti kando ya kitanda cha baba yake na kuufumbata ule mkono uliokuwa na ganzi, mabega yakimtikisika, bila kelele, shati ameliuma.

"Ningempeleka hospitali," Ninfa alinong'ona. "Waliniambia. Midomo niliiona. Rosolino, niliiona."

"Nyamaza."

"Mimi ndiye..."

"Nyamaza, Ninfa. Mtoto." Alijifuta kwa shuka. "Twende tukaite watu."

"Wakija, wataingia wote. Meneja, na daktari, na jeneza. Ndiyo mtoto aamke hivyo? Leo?"

Nje, koridoni, magurudumu ya kigari cha Sumathi yalipita na kwenda. Wote wawili waliogopa, na hawakujua tena wanaogopa kipi zaidi: mlango ule kugongwa, au mtoto yule kufumbua macho. Rosolino alimgeuza baba yake taratibu, uso dirishani, akamvuta blanketi mpaka sikioni, vile alivyokuwa akilala siku zote.

"Acha amwone kwanza mdoli wake," alisema. "Baba alilipia hilo."

Oliva aliamka kwa kuruka. Hakusalimia mtu. Alitazama chini ya kitanda, akafungua kabati, akapanda juu ya kile kiti, akachungulia ndani ya beseni la kuogea. Hakuna aliyemkataza kugusa kitu. Akafika dirishani, akanyata kwa vidole ili asimwamshe babu yake, akavuta pazia.

Hakupiga kelele. Alimwinua kwa mikono miwili, akanusa gauni la buluu.

"Kilemba cha bibi," alisema polepole. Kisha uso ukamchanua. "Mama, kaja! Kaijua njia! Ni bibi kaniletea, eh?"

Ninfa alifungua kinywa kusema ndiyo, kama wazazi wote wa Palermo walivyokuwa wakisema asubuhi ile, nyumba kwa nyumba. Rosolino alikuwa amegeukia ukuta. Ninfa akapiga moyo konde.

"Bibi ndiye aliyekushonea, mama," alisema. "Aliyekuletea ni babu."

Oliva alicheka. "Babu hawezi kuleta! Wanaoleta ni wale..."

Akamshusha mwanasesere kifuani, akageuka kukitazama kitanda cha dirishani.